Chama cha Ngoma na Daftari Lake

Maneno ya hotuba juu ya kusaidiana kwa wacheza ngoma wa Dandora, Nairobi



Katika mitaa ya Eastlands, mjini Nairobi, ni shida jioni kupita pasipo vijana kukusanyika ili wacheze. Huko Dandora hukutana uani katikati ya nyumba, au katika ukumbi, au mahali popote palipo na sakafu ya saruji na umeme wa kutilia spika. Wako wachezao ngoma za wazee wao, za Kiluo, za Kiluhya, za Kikamba na za Kikuyu. Wako na wachezao dansi za siku hizi, za kuruka, kujinyonga viungo na kusimama kwa mikono. Apitaye njiani huona miguu ikienda pamoja, akasifu, akaenda zake. Asichokiona ni kwamba kikundi kile kimekwisha kuwa zaidi ya ngoma. Mmoja wao akiugua, wa kwanza kupata habari ni wenziwe wa mazoezi. Mmoja wao akifiwa, wa kwanza kufika na kupanga viti ni wao hao.

Jambo hilo ni jema, na watu wengi hulisifu. Lakini sifa peke yake haitoshi. Yafaa liulizwe swali moja: Je, msaada huo humfikia kila mwanachama kwa kadiri iliyo sawa, au humfikia yule tu apendwaye na wengi?

MSAADA WA HURUMA NA MSAADA WA KANUNI

Kila msikilizaji na afikiri chama chenye watu 20. Yumo kijana mmoja achezaye mstari wa mbele, ajulikanaye mtaa mzima, na picha zake zapita kutoka simu hata simu. Yumo na mwingine abebaye spika, afuaye mavazi na kucheza mstari wa nyuma, wala hapana mshangiliaji alijuaye jina lake. Yule wa kwanza akivunjika mguu, ujumbe hupelekwa kwa simu, na kabla jua halijachwa fedha za hospitali zimekwisha patikana. Yule wa pili akivunjika mguu, ujumbe hupelekwa vile vile, lakini fedha huja kwa kusuasua. Kila mmoja hudhani kwamba mwenziwe amekwisha kutoa, na mwisho mama mzazi huzunguka peke yake akikopa kwa majirani.

Hapana katika watu hao aliyekusudia ubaya. Ndivyo ilivyo huruma: huelekea pale macho yaelekeapo. Kanuni haina macho. Huenda pale jina lilipoandikwa. Kwa hiyo chama kitegemeacho huruma tu huwasaidia wale ambao wangalisaidiwa hata kama hakuna chama, na huwaacha wale ambao chama ndicho tegemeo lao la pekee.

Wazee husema, Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini si haki mtu aliyelala kitandani mwa hospitali alazimike kuhesabu marafiki zake ili ajue kama atatibiwa. Kuhesabu huko yafaa kuwe kumekwisha fanywa mapema, siku za afya, katika daftari la chama.

HABARI ZA BENI

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1890 ilizuka ngoma mpya katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, nayo ikaitwa beni, kwa kuwa wachezaji waliiga bendi za askari. Walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakavaa sare, wakatembea kwa gwaride barabarani. Mombasa palikuwa na vyama kama Kingi na Scotchi, na hao Scotchi walivaa sketi kwa mfano wa askari wa Uskoti. Tanga na Dar es Salaam palikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana miaka mingi.

Vita Kuu ya 1914 hata 1918 iliwachukua maelfu ya askari na wapagazi, ikawapeleka mbali na kwao. Jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, lingali likikumbusha kikosi cha wapagazi hao. Popote walipokwenda waliichukua beni, nayo ikaenea bara. Nairobi nayo ikapata ngoma za mwambao katika vijiji vya Pangani na Pumwani, walikokaa watu waliotoka pande nyingi, walio mbali na koo zao.

Vyama vya beni vilikuwa na vyeo vingi: mfalme, jenerali, gavana, na kadhalika. Wengi waliotazama kwa nje walicheka, wakadhani ni mchezo wa kuiga Wazungu. Wakuu wa serikali ya Kiingereza hata waliingiwa na shaka, na mnamo mwaka 1919 walianza kuvichunguza vyama hivyo, wakihofu kwamba ni njama za siri. Lakini nyuma ya vyeo hivyo zilikuwako kazi. Mwanachama wa Marini aliyetoka mji mmoja kwenda mji mwingine alipokewa na Marini wa huko. Aliyeugua alitazamwa. Aliyekufa ugenini alizikwa kwa heshima na wenziwe wa ngoma, ijapokuwa ukoo wake ulikuwa mbali, wala haukupata habari ila baada ya siku nyingi.

Hapo ndipo ilipo maana yake. Mtu aliyetoka kijijini alikuwa ameacha nyuma watu waliopaswa kumzika. Mjini hapakuwa na mjomba wala shangazi. Chama cha ngoma kilishika mahali pao, si kwa kuwa wanachama walikuwa na moyo mwema kuliko watu wengine, bali kwa kuwa walikuwa wamekubaliana hivyo.

Ngoma nyingine iliyoonyesha jambo hili ni kalela, iliyochezwa katika miji ya migodi ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiona katika mji wa Luanshya mwaka 1951, na mwaka 1956 akatoa kitabu juu yake. Wachezaji wake walikuwa vijana wa Kibisa, wengi wao wafanya kazi wasio na vyeo. Walikuwa na mfalme wao aliyeangalia fedha na mipango. Walikuwa na daktari wa ngoma, na pia nesi mmoja mwanamke, aliyevaa nguo nyeupe na kuwapitia wachezaji akiwa na kioo na leso, ili kila mmoja ajitazame na kujifuta jasho. Hata mchezaji wa mwisho katika mstari alipitiwa na kioo kile. Kitu hicho ni kidogo, lakini chafundisha: chama kilikuwa kimempa mtu mmoja kazi ya kuwaangalia wengine wote.

WANAWAKE WA LELEMAMA

Mjini Mombasa wanawake nao walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya nyimbo na mwendo wa taratibu. Vyama viwili vilivyojulikana sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Humo walikutana wanawake wa asili mbalimbali, walio na mali na wasio nayo, wakapeana vyeo, wakasaidiana katika arusi na katika misiba. Wengi hawakuwa na baraza nyingine ya kusema maneno yao. Mnamo miaka ya 1950, vyama vya lelemama vilipoanza kufifia, wanawake wa Mombasa walianzisha vyama vipya vilivyoshughulika na elimu na maendeleo ya wanawake wa Kiislamu. Ustadi wa kuitisha mkutano, kukusanya michango na kugawa kazi haukuwa mgeni kwao. Walikuwa wamekwisha kujifunza katika ngoma.

NGOMA IVUMAYO SANA

Lakini si haki kuzisimulia sifa za vyama hivyo na kuficha makosa yao. Beni na lelemama zote mbili zilikuwa ngoma za mashindano. Chama kimoja kikichinja ng’ombe wawili, cha pili kilitaka kuchinja wanne. Chama kimoja kikishona sare mpya, cha pili kilishona sare na kuongeza karamu. Fedha zilizotolewa na watu wenye mapato madogo zikamalizika kwa siku mbili za shangwe, na wako walioingia katika madeni ili chama chao kisishindwe. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Hatari hiyo haikupita pamoja na beni. Kikundi cha Dandora kiitwacho kucheza arusini, au katika mkutano wa siasa wakati wa uchaguzi, hupata fedha nyingi mara moja, kisha hupita miezi bila kuitwa. Fedha zikifika, macho hutazama viatu vipya, spika kubwa na mavazi ya kuwashinda wapinzani. Si vibaya chama kupendeza, kwa maana kisipopendeza hakitaitwa tena. Lakini fungu la mavazi likila fungu la wagonjwa, chama kimerudia kosa lile lile la Kingi na Scotchi.

MFANO WA DANDORA YENYEWE

Watu wa Dandora hawana haja ya kwenda Mombasa kutafuta mafundisho. Mtaa wao wenyewe ulijengwa kwa michango ya wanachama. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilianzisha mpango wa kugawa viwanja kama 6,000 huko Dandora kwa watu wenye mapato madogo, waliopata kama shilingi 280 hata 650 kwa mwezi. Mtu hakupewa nyumba iliyokwisha. Alipewa kiwanja chenye maji, choo na bafu, akatakiwa ajijengee vyumba mwenyewe.

Wengi hawakuweza kujenga kila mtu peke yake. Kwa hiyo walijiunga katika vikundi vya ujenzi, wakiwamo wanawake wengi. Kila mwanachama alitoa fedha kila mwezi. Zilipokusanyika, chumba cha mmoja kilijengwa, kisha cha wa pili, kisha cha wa tatu, kwa zamu, hata wote wakapata. Yafaa jambo hili litazamwe vizuri. Aliyejengewa kwanza alikuwa amekwisha kulala ndani ya nyumba yake, naye angaliweza kuacha kulipa. Hapo urafiki peke yake haukutosha kumshika. Kilichomshika ni mapatano yaliyojulikana na wote, na hesabu iliyosomwa mbele ya wote.

Moyo huo haukufa. Katika miaka ya 1990 vijana wa Kalamashaka walitoka Dandora na kuifanya rap ya Kiswahili isikike nchi nzima. Baadaye walijiunga na wenzao katika Ukoo Flani Mau Mau, kundi kubwa la wasanii lililojiita ukoo, yaani watu wanaodaiana wajibu. Mmoja wa waliotokea humo, Juliani, ndiye aliyeanzisha Dandora Hip Hop City, ili vijana wa mtaa wapate mahali pa kujifunza sanaa. Kadhalika vikundi vya vijana vilivyojiunga katika Dandora Transformation League vilisafisha nyua za mtaa, vikapanda miti na kupaka rangi, hata watoto wakapata mahali pa kuchezea.

Mahali pa kuchezea si jambo dogo huko. Jaa kubwa la taka la Dandora lilifunguliwa katika miaka ile ile ya 1970 mtaa ulipojengwa, na mwaka 2001 ilikuwa imekwisha kutambuliwa kwamba limejaa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa hilo: nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kinachokubaliwa, na wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Mcheza ngoma hufanya kazi kwa pumzi yake. Chama kinachofanya mazoezi katika hewa ya namna hiyo kisingoje ugonjwa uje ndipo kiulize fedha zitatoka wapi.

DAFTARI LA CHAMA

Basi chama cha ngoma kifanye nini? Kwanza, kiandike kanuni zake. Nchini Kenya iko Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na kikundi kikiandikishwa huwa na katiba, viongozi wanaojulikana na jina la kufungulia hesabu benki. Katiba hiyo isinakiliwe tu kutoka kwa kikundi kingine. Iseme wazi: mwanachama akilazwa hospitali atapewa kiasi gani, akifiwa na mzazi, mume, mke au mtoto atapewa kiasi gani, akifa yeye mwenyewe, watu wake watapewa nini. Kiasi kiwe kimoja kwa mchezaji wa mbele na kwa mbeba spika.

Pili, mapato yagawanywe kabla hayajatiwa mkononi. Kila malipo ya kucheza yatoe fungu la wagonjwa na misiba kwanza, kisha nauli na mavazi, kisha malipo ya wachezaji. Fungu la kwanza likingojea kupewa masalio, halitapata kitu.

Tatu, hesabu isomwe. Siku hizi fedha hupelekwa kwa simu, na watu wengi hudhani kwamba simu ndiyo daftari. Sivyo. Simu huonyesha fedha zilizoingia kwa mtu mmoja. Haionyeshi wanachama wote fedha zilitoka kwa kazi gani. Mweka hazina na asome hesabu kila mwezi mbele ya wote, na mtu mwingine asiye ndugu yake aikague. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vingi huvunjika si kwa wizi, bali kwa shaka ya wizi, na mweka hazina mwaminifu ndiye aumizwaye zaidi na shaka hiyo. Daftari humlinda yeye kwanza.

HESABU NDOGO

Mtu ataweza kusema kwamba vijana hawana fedha za mambo hayo. Hesabu na ipigwe. Wanachama 20 wakitoa shilingi 100 kila mmoja kwa juma, hupatikana shilingi 2,000 kwa juma, na kwa majuma 52 hupatikana shilingi 104,000. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya afya ya taifa nchini Kenya husimamiwa na Halmashauri ya Afya ya Jamii, na mchango wa chini uliowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa kadiri ya hali yake, na wengine hutakiwa kulipa zaidi. Lakini ikiwa wote 20 wanalipa kiasi cha chini, jumla ni shilingi 72,000. Zabaki 32,000 kwa misiba na mahitaji mengine.

Asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, wala si jambo jepesi kwa kijana mwenye kazi za vibarua kushika shilingi 3,600 mkononi siku moja. Lakini shilingi 100 kwa juma wengi huweza, nao hutumia zaidi ya hizo kwa vitu visivyokumbukwa siku ya pili. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo chama humfanyia mwanachama kazi ambayo ingalimshinda peke yake, na siku atakapopelekwa hospitali hatapelekwa kama mwombaji.

Tena iko haja ya kuwa na kanuni kwa ajili ya asiyeweza kulipa. Kijana aliyekosa kazi miezi mitatu asifutwe mara moja, maana huo ndio wakati anaohitaji chama. Apewe nafasi ya kulipa kwa kazi: kufua mavazi, kuwafundisha watoto hatua za ngoma, kuandika barua za chama. Lakini mwenye fedha ambaye hatoi kwa ukaidi asichukuliwe sawa na asiye nazo. Viongozi wenye busara huwajua wote wawili.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Wazazi wengi huwakataza watoto wao ngoma, wakidhani ni upotevu wa wakati. Hofu yao haikosi sababu, kwa maana vipo vikundi visivyo na utaratibu. Lakini mzazi mwenye shaka na aombe kuona daftari la chama. Akikuta majina, michango, misaada iliyotolewa na sahihi za waliopokea, atajua kwamba mtoto wake anajifunza mambo yatakayomfaa hata miguu yake itakapochoka kucheza: kutimiza ahadi, kushika fedha za watu, na kumjali mtu ambaye si wa ukoo wake wala wa kabila lake.

Na miguu huchoka. Mchezaji wa mbele wa leo, baada ya miaka kumi, atakuwa amesimama pembeni akitazama wengine. Makofi yatakuwa yao. Siku hiyo atafurahi ikiwa, alipokuwa na nguvu na jina, alikubali kwamba kiasi chake kiwe sawa na cha mbeba spika. Kwa maana sasa yeye naye yuko nyuma, na kanuni aliyoikubali ndiyo itakayomkumbuka.

Kwa hiyo vyama vya ngoma vya Dandora visingoje msiba ufuatao. Katika mkutano wao ujao, kabla ya kuwasha spika, na vifanye mambo matatu: kuandika majina yote, kukubaliana kiasi cha msaada, na kumchagua mtu wa kusoma hesabu. Kazi hiyo ni ya saa moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, nayo mikono 40 ya watu 20 yaweza kumshika kila mmoja asianguke, mradi kila mkono ujue zamu yake.